Bado Hajamaliza

Temeke, Jumatatu 28 Septemba 1953

Leo nimekabidhiwa darasa la nne. Wasichana kumi na tisa, wamekaa wima, mikono juu ya madawati. Mwalimu Gaspar, mwalimu wetu mkuu, alinitambulisha kwa ufupi: huyu ni Mwalimu Felicitas, katoka Bukoba, mtamtii kama mnavyonitii mimi. Kisha akalaza bakora juu ya meza yangu, akatoka. Sikujua niifanye nini. Ilikaa pale pale mpaka kengele ya mwisho, na watoto waliitazama kuliko walivyonitazama mimi.

Baadaye aliniita ofisini. Mkaguzi wa shule, Mzungu wa serikali, atakuja mwishoni mwa Novemba. Kila mtoto atasoma kwa sauti mbele yake, na atakayeshindwa hataingizwa katika orodha ya wanaofanya mtihani wa kwenda darasa la tano. Mwaka jana shule yetu ilipitisha mtoto mmoja tu. Akaongeza kwamba na mimi nitakaguliwa, maana bado niko kwenye majaribio. Alikuwa akizungumza huku akinitazama vidole. Niliificha mikono nyuma, kwa kuwa ilikuwa ikitetemeka.

Jumanne 29 Septemba

Nilianza kuwasomesha mmoja mmoja. Wa nane alikuwa Zuena binti Mwinjuma, msichana mrefu mwembamba wa miaka kumi na miwili hivi. Alisimama, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Midomo inacheza, mishipa ya shingo imesimama, jasho linamtiririka, na sauti haipo. Wenzake wakaanza kucheka chini chini. Mmoja akanong'ona, "Kigugumizi huyo, mwalimu, usijisumbue." Halafu nikaona maji sakafuni, miguuni pake.

Karibu na mlango palikuwa na ndoo ya maji ya bustani. Nililiambia darasa litoke likapange mstari uani, na walipokuwa wanainuka nikaipiga ndoo teke, maji yakamwagika chumba kizima. Wakapiga kelele, wakakimbia na viatu vyao mikononi. Hakuna aliyejua maji yapi ni ya nani.

Zuena alibaki. Hakusema asante. Alinitazama kama mtu anayengoja kujua atapigwa sasa au kesho.

Ijumaa 2 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja na kuondoka. Zuena hakusimama leo, wala sikumwita.

Jumatatu 5 Oktoba

Nimesahihisha madaftari. La Zuena halina kosa hata moja. Ameandika ukurasa mzima kuhusu nyanya yake anavyosuka mikeka, na nilipousoma niliwaona wote wawili wamekaa kibarazani. Mtoto huyu ana maneno mengi kuliko darasa zima.

Nilimpelekea Mwalimu Gaspar. Hakulifungua. Aliniambia amemfundisha miaka miwili, na kwamba ule ni ukaidi. Akitaka kusema anasema. Ushauri wake ni kwamba siku ya mkaguzi mtoto awe mgonjwa, abaki nyumbani, tusiharibu jina la shule. Nikaitikia, "Ndiyo, Mwalimu Mkuu." Nimeitikia hivyo wakubwa wangu wote, tangu baba yangu mpaka masista walionifundisha. Sijapata kumwambia mkubwa "hapana" maishani mwangu.

Alhamisi 8 Oktoba

Baada ya masomo nilimwomba Zuena anisaidie kupanga vitabu katika chumba cha stoo. Nikafunga mlango. Nikafungua kitabu cha kusoma, nikamwambia hatasoma peke yake, tutasoma pamoja, sauti yangu na yake, na hata akisoma kwa kunong'ona inatosha.

Mwanzoni nilisikia yangu tu. Mstari wa nne nikasikia kitu kama upepo ubavuni mwangu. Mstari wa kumi ikawa sauti, nzito kuliko nilivyodhani, na haikukwama popote. Niliponyamaza kidogo nivute pumzi, ikakatika pale pale.

Tumekubaliana kupanga vitabu kila siku.

Jumatano 14 Oktoba

Leo nilichezesha midomo tu, bila sauti. Zuena alisoma mistari mitatu kabla hajagundua kwamba anasoma peke yake. Alipogundua alishika mdomo wake kwa mikono miwili, kana kwamba umefanya kosa.

Ijumaa 16 Oktoba

Siwezi kuyaandika haya vizuri, lakini nisipoyaandika nitaanza kujidanganya.

Saa nne Mwalimu Gaspar aliingia darasani bila kubisha. Alisema amesikia Mwalimu Felicitas anafanya maajabu stoo, naye anataka kuyaona. Akamwita Zuena mbele. Akampa kitabu, akamwonyesha ukurasa, akakunja mikono kifuani.

Zuena alinitazama. Ningeweza kwenda kusimama karibu naye nikachezesha midomo. Ni hatua nne tu toka mezani kwangu. Sikwenda. Nilijiambia kwamba Mwalimu Mkuu atakasirika zaidi.

Neno la kwanza lilikuwa "palikuwa". Alikwama kwenye herufi ile ya kwanza, midomo imebanana, uso unabadilika rangi. Mwalimu Gaspar akahesabu mpaka kumi kwa sauti. Kisha akaichukua ile bakora juu ya meza yangu, ile niliyoiacha pale wiki tatu kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuiondoa, akamwambia anyooshe mkono.

Alimpiga sita. Kila fimbo alisema, "Sema." Baada ya ya tatu Zuena hakuwa akijaribu tena kusema. Alikuwa akinitazama mimi. Hakulia. Nilitazama sakafu, nikahesabu nyufa za saruji.

Mwalimu Gaspar alipotoka nilisema, "Fungueni madaftari ya hesabu." Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Mwanamke mzima, cheti cha ualimu ninacho, nikasema fungueni madaftari ya hesabu.

Jumatatu 19 Oktoba

Zuena hakuja.

Jumanne 20 Oktoba

Hakuja. Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha adhuhuri, ndogo, imeacha harufu ya vumbi.

Alhamisi 22 Oktoba

Hakuja. Wenzake wanasema nyanya yake kamwachisha shule, na kwamba yuko mtu wa Kisarawe kaleta posa. Mwalimu Gaspar ameniambia suala hilo limekwisha lenyewe, nishukuru Mungu. Nimeitikia, "Ndiyo."

Bakora nimeifungia kabatini. Nimechelewa.

Jumamosi 24 Oktoba

Nilikwenda kwao. Wanakaa Mtoni, ng'ambo ya kijito, na watu huvuka juu ya magogo mawili yaliyofungwa kamba. Maji yalikuwa yamepanda kidogo. Nilivuka nimeinama, nashika gogo kwa mikono kama mtoto.

Nyanya yake anaitwa Bi Mwanaheri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunywa, na baada ya hapo hakunipa neno la kuegemea. Mtoto hayupo. Baba yake yuko reli, Dodoma, yeye Bi Mwanaheri ndiye mlezi. Shule imetosha. Nilianza kueleza kuhusu daftari la Zuena, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nimeuona mkono wake. Unywe maji yako uende kabla mvua haijafika."

Nilirudi nimeudhika naye. Nilimwona ni mama mmoja asiyejua thamani ya kusoma, anayetaka kumwoza mtoto.

Nilipokuwa karibu na kijito nikasikia watoto wa chuoni wakisoma. Mimi ni Mkristo, Kurani siijui, lakini nilisimama kwa sababu ya sauti moja nzito iliyokuwa mbele ya zingine. Nikachungulia kwenye uwazi wa makuti. Alikuwa Zuena, amefumba macho, anayumba taratibu mbele na nyuma, na maneno yanamtoka kama maji kutoka mtungini. Akafika mahali akakwama. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemtajia neno. Mwalimu wao aliendelea kushona kofia yake, na baada ya muda mrefu Zuena akavuta pumzi, akaendelea.

Walipotawanyika nilimfuata mwalimu wao, Maalim Jabiri. Ni mtu wa makamo mwenye sauti ndogo. Nilimwuliza amemfanyia nini mtoto yule. Alishangaa swali. "Sikumfanyia kitu," akasema. "Akikwama tunamngoja. Mwenzake haruhusiwi kumtajia neno mpaka mwenyewe aombe. Na hapa kusoma kuna mahadhi yake, hayamkimbizi."

Nimekaa nayo hayo njia nzima. Siku zote hizi mtoto anasoma mbele ya watu mwendo wa nusu saa toka shuleni kwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Jumanne 27 Oktoba

Bombani wanawake wananyamaza nikifika. Mwenye nyumba wangu kaniambia kisa: nimeonekana nikichungulia chuoni, na inasemwa nawatafuta mabinti wa Kiislamu niwabatize. Habari hiyo ikimfikia Mwalimu Gaspar, atanifukuza. Nimekunywa chai bila kula.

Alhamisi 29 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Watoto kumi na mmoja tu.

Jumamosi 31 Oktoba

Bi Mwanaheri alikuja kwangu. Nilikuwa nikifua uani, nikamwona kasimama mlangoni na mwavuli, kanga zimelowa mpaka magotini. Nikadhani kaja kunitukana kwa ajili ya chuoni. Nilimkaribisha, akakataa kiti, akaketi kwenye kizingiti.

Akasema Maalim Jabiri kazungumza naye. Kamwambia mwalimu wa shule hana nia mbaya, ila anauliza jinsi ya kufundisha. Ndiyo maana kaja, ili anieleze jambo moja nielewe kwa nini anakataa, asionekane mjinga.

Alikuwa na kaka aitwaye Bakari. Alikuwa na kigugumizi, sawasawa na Zuena. Wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza Bakari alichukuliwa kubeba mizigo. Bi Mwanaheri alikuwa msichana wa umri wa Zuena sasa.

"Walisimamishwa mstari," akasema. "Mzungu anapita, anauliza majina, karani anaandika. Akafika kwa Bakari, akamwuliza jina lake. Bakari akakwama. Unajua anavyokwama Zuena? Basi hivyo. Mzungu akadhani anafanyiwa kiburi. Akaamuru apigwe mpaka alitaje. Na ukimpiga mtu kama huyo ndiyo hasemi kabisa. Waliorudi walituambia hakuliona jua likitua. Kafa kwa sababu ya jina lake mwenyewe, mwanangu."

Nilikuwa nimeshika nguo iliyojaa povu, maji yananichuruzika kwenye viwiko.

"Sasa nyie mnasema anakuja mzungu, anawauliza watoto mmoja mmoja. Na mie nimpeleke kwa mkono wangu."

Nilitaka kumwambia mambo yamebadilika, lakini niliukumbuka mkono wa Zuena na zile fimbo sita. Nikamwambia kweli iliyokuwepo: kwamba hata mimi naogopa. Namwogopa Mwalimu Gaspar, namwogopa mkaguzi, usiku nikisikia mvua naogopa kijito.

"Walimu hawaogopi," akasema.

"Mimi naogopa, bibi."

"Siku ile anapigwa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale. Nilinyamaza."

Nilidhani atainuka aende zake. Badala yake aliuchukua upande wa pili wa ile nguo, tukaikamua pamoja, akaitundika mwenyewe kambani, chini ya bati. Ndipo akasema Zuena anamsumbua. Hali vizuri. Ameandika kwenye mchanga wa uani, ameandika pote, mpaka jikoni hapapitiki. Kwa hiyo atamrudisha, kwa sharti moja: siku ya mzungu nisimwache mtoto peke yake hata kwa hatua moja. Na yeye mwenyewe atakuwepo nje, dirishani. Kuhusu mtu wa Kisarawe, ataambiwa asubiri.

Nilimwona mjinga mama huyu. Bwana anisamehe.

Jumatatu 2 Novemba

Zuena kaja. Mwalimu Gaspar kamwona mstarini, kaandika kitu kwenye daftari lake.

Nimeweka sheria mpya darasani: mtu akikwama, anangojwa. Anayecheka au kumtajia neno atafagia darasa wiki nzima. Wamenisikiliza kwa wasiwasi, kama watu wanaotafuta mtego uko wapi.

Jumatano 4 Novemba

Watoto wawili wamefagia.

Jumatatu 9 Novemba

Stoo tumeiacha. Sasa tunasoma darasani baada ya masomo, mlango wazi. Nimemwambia asome kitabu kwa mahadhi kama ya chuoni, polepole, pumzi kabla ya kila mstari. Alikataa; akaandika kwenye kipande cha karatasi kwamba watu watacheka. Nikasoma mimi kwa mahadhi, vibaya, na lafudhi yangu ya Bukoba. Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Kisha akanisahihisha, na alipokuwa ananisahihisha alisema sentensi nzima, "Si hivyo mwalimu, unavuta mno mwisho," akakwama mara moja tu, kwenye "mwisho".

Ijumaa 13 Novemba

Leo kasoma ukurasa mzima mbele ya wenzake wanne walioomba kubaki. Alikwama mara saba. Wakangoja mara saba. Mmoja wao alikuwa yule aliyeniambia nisijisumbue.

Bado nikisikia viatu vya Mwalimu Gaspar ukumbini natamani kufunga mlango. Siufungi. Lakini natamani.

Alhamisi 19 Novemba

Shule imefungwa kwa Maulidi. Nimelala mchana, nimeota nasimama mstarini naulizwa jina langu na silijui.

Jumatatu 23 Novemba

Mvua haijakatika siku tatu. Kijito cha Mtoni kimejaa. Inasemwa gogo moja limekwenda na maji.

Mwalimu Gaspar alinipa orodha ya watakaosoma kesho. Majina kumi na manane. La Zuena halimo. Niliuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akajibu kwamba ameshasema tangu mwanzo, na kwamba mtoto atumwe nyumbani mapema kesho kabla mgeni hajafika.

Halafu akafanya kitu nisichokitegemea. Akaketi, akavua miwani, akaniambia barua imekuja kutoka makao makuu. Darasa hili likishindwa tena, atashushwa, atapelekwa shule ya porini isiyo na barabara, na mkewe ni mgonjwa, hawezi kukaa mbali na hospitali. "Hunielewi, mwalimu," akasema. "Wewe bado kijana." Mkono uliokuwa umeshika kalamu ulikuwa ukitetemeka kama wangu siku ile ya kwanza.

Nilimwonea huruma. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba anapiga kwa sababu anaogopa. Lakini mkono wa Zuena ndio uliovimba, si wake.

Nilichukua orodha, nikarudi darasani, nikakaa nayo karibu saa nzima. Kisha nikaandika chini, kwa mwandiko wangu: 19. Zuena binti Mwinjuma. Baada ya kuandika niliikunja, nikaiweka katikati ya kitabu cha mahudhurio.

Jumanne 24 Novemba

Naandika jioni, chumba kimejaa nguo mbichi.

Saa mbili kasoro robo Zuena hakuwa amefika. Mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikilizani. Nilisimama kwenye mlango wa darasa nikitazama njia ya Mtoni, nafsi moja inaomba aje, nyingine inaomba kijito kimzuie, yaishe. Naandika kweli: niliomba vyote viwili.

Walitokea wote wawili, bibi na mjukuu, wameloa mpaka kifuani. Wamevuka wameshikana mikono, juu ya gogo moja. Bi Mwanaheri hakuingia. Alikwenda kusimama kwenye upenu, chini ya dirisha, kama alivyoahidi. Nilimpa Zuena kanga yangu kavu ajifunge.

Mkaguzi alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mvi kidogo, koti la mvua linadondosha maji sakafuni. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu na kikavu. Aliketi kwenye meza yangu, Mwalimu Gaspar nyuma yake, mimi nimesimama ukutani. Watoto walisoma mmoja mmoja, naye anaandika bila kuinua uso. Wa kumi na nane alipoketi, mkaguzi akageuza karatasi akasoma jina la mwisho. Mwalimu Gaspar akainama kutazama. Aliuona mwandiko wangu. Aliinua macho kwangu.

Zuena akasimama. Nami nikaondoka ukutani. Ni hatua nne, zile zile, nikazitembea, nikasimama ubavuni pake.

Alivuta pumzi, akaanza. Habari ilikuwa ya wakulima wa pamba. Alisoma kwa mahadhi, polepole, na kichwa chake kinayumba kidogo. Mkaguzi aliacha kuandika, akakunja uso kwa jinsi usomaji ule ulivyokuwa mgeni kwake. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili. Kisha likaja lile neno "pamba", na midomo ikabanana.

Mvua tu. Mkaguzi akagonga meza kwa kalamu, mara moja, mara mbili. Watoto kumi na wanane hawakupumua, lakini hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtajia. Dirishani niliona ukingo wa kanga ya Bi Mwanaheri. Mwalimu Gaspar akakohoa, akasema, "Basi. Kaa chini, mtoto."

Zuena alianza kuinama akae.

"Bado hajamaliza," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mwalimu Gaspar akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mgeni hana muda. Nikarudia, "Hajamaliza, Mwalimu Mkuu. Huwa anachelewa. Naomba angojwe." Nilijua kazi nimeipoteza, na bado sikuondoka pale.

Mkaguzi alimtazama Gaspar, akanitazama mimi. Akaiweka kalamu chini.

Zuena akanyooka tena. Akavuta pumzi. "Pamba," akasema, na akaendelea. Alikwama mara tisa. Nilizihesabu kwa kucha zangu kwenye kiganja, alama zipo mpaka sasa. Alisoma mpaka nukta ya mwisho.

Nilidhani yamekwisha. Mkaguzi akavuta karatasi yake, akashika kalamu, akauliza kwa kile Kiswahili chake kikavu:

"Jina lako nani?"

Nje, mkono wa Bi Mwanaheri ukashika nondo ya dirisha. Jina lilikuwa ulimini mwangu. Lilikuwa limeandikwa mbele ya mama yule, angeweza kulisoma. Mwalimu Gaspar alifungua kinywa amsaidie, na nadhani safari hii alitaka kumsaidia kweli. Nikamtikisia kichwa. Sijui nilithubutu vipi.

Zuena alikwama kwenye herufi ya kwanza, kwa muda mrefu kuliko yote niliyowahi kumsikia. Alifumba macho. Akayafungua, akamtazama yule mama usoni.

"Zuena," akasema. "Zuena binti Mwinjuma." Kisha, bila kuulizwa, "Nisome na ukurasa wa pili?"

Mkaguzi akasema hapana, imetosha, akaandika. Kama alitabasamu, sikuona, kwa kuwa nilikuwa natazama dirishani. Bi Mwanaheri alikuwa amechuchumaa kwenye tope, ameficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika.

Jumatano 25 Novemba

Mwalimu Gaspar hasemi nami. Nina homa.

Jumatatu 30 Novemba

Mtihani wa kuandika umefanyika. Zuena, ambaye mkaguzi alimwingiza orodhani, alimaliza wa kwanza, akakaa amekunja mikono.

Jumanne 8 Desemba

Barua mbili zimefika. Ya kwanza ni ya darasa: watoto sita wamechaguliwa kwenda shule ya bweni, darasa la tano. Zuena ni wa nne. Kwenye kusoma kwa sauti kapewa alama ndogo kuliko wote. Kuandika na hesabu ndivyo vilivyombeba. Mwalimu Gaspar hatashushwa. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akanipa mkono bila kunitazama.

Ya pili ni yangu. Majaribio yangu yameongezwa mwaka mmoja, kwa kumpinga mkubwa wa kazi mbele ya mgeni, nami nahamishiwa Kilosa kuanzia Januari. Sijui mtu hata mmoja Kilosa.

Mwinjuma, baba yake Zuena, kapewa likizo, anakuja Ijumaa. Yeye ndiye atakayesema kama mtoto atakwenda bweni au ataolewa. Bi Mwanaheri kaniomba nisiende. Kasema ni jambo la nyumbani. Nimekubali, na tangu hapo sina usingizi.

Jumamosi 12 Desemba

Hakuna habari. Nimekwenda mpaka kijitoni, nikarudi.

Jumapili 13 Desemba

Nimetoka kanisani nikamkuta Bi Mwanaheri ananingoja kivulini, upande wa pili wa njia. Tumetembea pamoja mpaka kwangu. Hakuwa na haraka ya kunieleza, na mimi sikuthubutu kumharakisha.

Walikaa Ijumaa baada ya sala: Mwinjuma, wajomba wawili, na mjumbe wa yule mtu wa Kisarawe. Mwinjuma alikuwa ameshaamua. Alisema bweni ni mbali, na mtoto mwenyewe hawezi hata kujieleza, akipata tabu huko atamwambia nani. Ndipo Zuena akatoka ndani na sinia la chai, akaliweka chini, akabaki amesimama. Akasema anataka kuzungumza.

Mjomba mmoja akaanza kucheka. Bi Mwanaheri akawaambia kwamba anayetaka kumkatiza mtoto atoke nje sasa hivi, avae viatu vyake, na mlango ule pale. Kaniambia hata Mwinjuma, mwanawe wa kumzaa, yeye alimkazia macho.

"Akasema nini?" nikamwuliza.

Akasema anataka kwenda. Akasema na sababu zake, zote, moja moja. Akamwambia baba yake kwamba akipata tabu huko atasema, kama anavyosema sasa. Atakwenda Januari. Baba yake mwenyewe atamsindikiza kwa gari moshi.

Nilimwuliza ilichukua muda gani. Bi Mwanaheri alifikiri kwanza, akifungua mwavuli wake, maana manyunyu yalikuwa yameanza tena.

"Chai yetu ilipoa, mwalimu," akasema. "Vikombe vinne. Hakuna aliyegusa."